Kamba ya Sanduku

Mume wangu aliporudi kutoka pwani, sanduku lake hakutaka liguswe na mkono wa mtu mwingine. Alilifungua mwenyewe na kulifunga mwenyewe. Kila baada ya sala ya alasiri watu walijaa barazani kwetu hapa Ndama kuja kuona vitu vya baharini, naye Abdulghani alitoka nalo ndani kalikumbatia kama mtoto mchanga, akaifungua kamba yake polepole, akatoa kitu kimoja kimoja, na kila kitu na hadithi yake.

"Hiki ni kiti cha pweza," alisema siku ya kwanza, akainua kidude kikavu chenye miguu mitano, kigumu kama kipande cha ubao.

"Na pweza mwenyewe ana ukubwa gani?" aliuliza Kokubanza, jirani yetu mwenye shamba la migomba, mwanamke ambaye hata mbele ya wanaume ulimi wake haukai. "Maana kiti hiki hata kuku hakimtoshi."

Watu wakacheka. Abdulghani naye akacheka, akakirudisha kiti mahali pake, akatoa kombe kubwa la kusikilizia mawimbi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete, mwanangu kifuani ananyonya, nikaona kwamba lile swali hakulijibu.

Labda hakulisikia. Nilijiambia hivyo.

Mimi naitwa Asia. Nilizaliwa Saadani, huko huko pwani, na nilikuwa na miaka sita baba alipomwacha mama yangu, akanichukua, akanileta huku Karagwe alikokuwa akifanya biashara ya nguo na chumvi. Tangu hapo sikupata habari ya mama hata moja. Baba hakupenda atajwe, na baba alipofariki hakubaki wa kumtaja. Nilikuwa nimeshaolewa na Abdulghani, ambaye baba yake pia alikuwa mtu wa pwani, ila yeye mwenyewe kazaliwa huku huku kwenye vilima, na maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ziwa lile la Bukoba.

Mwaka jana Saleh, mkubwa wa msafara, alipotangaza kwamba anashuka pwani na Abdulghani akasema atakwenda naye, niliandika barua. Niliiandika mwenyewe. Marehemu mume wa bibi mmoja jirani, Bi Mgeni, alikuwa akitusomesha wanawake wanne kila baada ya magharibi, sisi upande huu wa pazia na yeye upande ule, na herufi alizotufundisha kwa ajili ya Kurani nikazitumia kumwita mama yangu. Mistari kumi na mmoja ilinichukua siku tisa. Mama, mimi ni Asia wako. Sijafa. Nina mume na nina mimba ya miezi mitatu. Kama u hai, niletee neno.

Karatasi nikaikunja, nikaivingirisha kwenye kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wanachovaa wenyeji wa huku, na ukingo wake nikaupinda kwa uzi mwekundu nilioutoa kwenye leso yangu. Nilifanya hivyo makusudi. Nilitaka mama ashike kitu ambacho pwani hakipo, ajue kwamba kweli kimetoka mbali.

Abdulghani alikaa miezi kumi na mmoja. Aliporudi alimkuta mwanangu Mwanahalima, niliyempa jina la bibi yake, ana miezi mitano. Alimbeba, akamnusa shingoni, machozi yakamtoka. Kisha nikamwuliza.

"Mama yangu?"

"Yu hai. Anakusalimu sana."

"Barua ameipata?"

"Ameipata. Amesomewa."

"Akasemaje?"

Akatazama mlango. "Alifurahi. Alilia kidogo, kisha akafurahi. Vitu hivi vyote vya sandukuni ametoa yeye, ni vyako."

Siku mbili nzima nilitembea kama sikanyagi chini. Nilimwambia mume wangu: msafara wa Saleh unashuka tena siku ya nne baada ya Idi ya kuchinja, na safari hii mimi na Halima tunakwenda. Nilijua ninachosema. Miezi mitatu ya kutembea, mtoto mgongoni, jua, mbu, na vijiji ambavyo siku nyingine havina hata unga wa kuuza. Lakini mama yu hai, na hajamwona mjukuu wake.

Hapo ndipo uso wa Abdulghani ulipobadilika.

"Njia ni mbaya, Mama Halima."

"Wewe umeipita, umerudi."

"Mtoto ni mdogo."

"Atakuwa mgongoni, hatatembea yeye."

"Tungoje mwakani." Akanyanyuka, akatoka nje, na siku hiyo chai yake ilipoa bila kuguswa.

Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama. Sikutaka, ila jicho likishafunguka halifungiki kwa kuliambia. Mguu wake wa kushoto, kwa mfano. Ulikuwa umefungwa kitambaa kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo. Alisema ni dawa ya mganga wa pwani, haifunguliwi mpaka zitimie siku arobaini. Na kutawadha alikuwa anakwenda nyuma ya migomba, mtu ambaye miaka yote alitawadhia uani mbele yangu, mimi nikimmiminia maji.

"Mganga gani huyo?" aliuliza Kokubanza nilipompa habari ile. "Mama, wangu mimi akirudi na nyama sijamwagiza, najua kuna mahali alipolala. Wako amerudi na sanduku zima. Huyo mganga wa mguu, usishangae ukisikia ana mashavu laini."

"Nyamaza wewe," nikamwambia, lakini neno lilishaingia.

Kisha ikaja ile alasiri ya gogo.

Bi Mgeni alikuwa amekuja kukaa nami uani, tunachambua maharage ya katogo, yale yanayopikwa pamoja na ndizi. Yeye ndiye mtu mzima wa pwani aliyebaki hapa kwetu. Alikuja huku akiwa bibi harusi, macho sasa yamefunga ukungu, lakini vidole vyake havijazeeka. Barazani mume wangu alikuwa amefika kwenye chupa ya mchanga, anawaambia wageni alikouchota.

"Nyumba ya mkwe wangu iko kando kabisa ya maji," tulimsikia. "Mbele yake kuna gogo kubwa. Kila siku baada ya alasiri, mwezi mzima, nilikaa juu ya gogo lile, miguu yangu majini, mama mkwe ananiletea kahawa."

Mkono wa Bi Mgeni ukasimama juu ya ungo.

"Mwezi mzima?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Gogo lile lile, saa ile ile?"

"Ndivyo alivyosema, bibi."

"Basi bahari ya Saadani siku hizi imekuwa bwawa." Akarudia kuchambua. "Bahari haikai mahali, mwanangu. Leo alasiri inapiga mlangoni kwako, wiki ijayo alasiri hiyo hiyo unaitafuta kwa macho, iko kule, mchanga mtupu umebaki. Inajaa, inakupwa. Mtu aliyekaa pwani siku tatu tu analijua hilo. Hilo alilolisema mumeo ni ziwa."

Wakati ule ule kitu kilinirudia ambacho sikujua kama ninacho. Niko mdogo, ninakimbia juu ya mchanga ulioloa, mbali sana na nyumba, ninaokota makombe, na nyuma yangu sauti ya mama inaita: Asia, rudi, maji yanakuja! Na kweli yalikuwa yanakuja.

Baada ya chakula cha jioni nilimwuliza mume wangu kama mtu anayetaka kujua tu. "Baba Halima, yale maji ya baharini, hayaondoki?"

"Yaende wapi?" akasema, akamchukua mtoto.

Nikaelewa kwamba mume wangu hajaiona bahari.

Ukishajua moja, mengine yanakuja yenyewe, hayabishi hodi. Kama hajafika baharini, hajafika Saadani. Kama hajafika Saadani, nani aliyempa mama barua? Nani aliyelia kidogo kisha akafurahi? Saleh pekee ndiye aliyeweza kunijibu, lakini Saleh, siku ya pili tu ya kurudi, alivuka mto pale Murongo kwenda kununua ngozi upande wa Nkore. Na hata angekuwepo, mke wa mtu hamwendei mwanamume mwingine kumhoji habari za mumewe. Idi ilikuwa inakaribia. Mbele yangu kulikuwa na njia ya miezi mitatu, na sikujua mwisho wake nitamkuta mama au nitakuta nimempeleka mwanangu juani kwa sababu ya maneno ya barazani.

Juma lile lile Abdulghani alikwenda Mabira kununua samli, akaniambia atalala huko, atarudi kesho yake. Sanduku likabaki chini ya kitanda.

Nilingoja jua lichomoze vizuri. Nilimweka Halima kwenye mkeka, nikalivuta sanduku, nikaifungua kamba nikaitupa pembeni. Sikuwa natafuta zawadi. Nilikuwa natafuta barua yangu. Kama iko humo, basi nimeshapata jibu.

Nilitoa simbi, nikatoa kiti cha pweza, nikatoa chupa ya mchanga, nikapapasa pembe zote nne. Barua haikuwemo. Nilichukua lile kombe kubwa nikaliweka sikioni, sijui kwa nini, na likavuma, na ule mvumo ukanirudisha uani kwa mama. Sura yake imenitoka, sitadanganya. Ninachokiona ni mikono. Kuna bakuli la maji, kuna majani marefu yaliyolowekwa, na mikono inakwenda mbio juu yake, na shangazi zangu wanacheka wakisema huyu anafanya kila kitu kama mtu aliye ndani ya kioo. Walikuwa wanamaanisha nini sikumbuki. Nakumbuka mama naye alikuwa anacheka.

Niliposhusha kombe, Halima alikuwa kimya, na mtoto akiwa kimya kuna kitu mdomoni. Alikuwa ameikamata kamba ya sanduku, anaitafuna ncha kwa fizi zake, mate yanamtiririka. "Toa, mama, toa uchafu," nikamwambia, nikaichomoa taratibu. Ncha ile ilikuwa imefungwa kitambaa cha rangi ya udongo.

Lubugo. Na ukingo wake una uzi mwekundu.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Aliifungua barua yangu njiani. Karatasi aliitupa, au aliwashia moto, na kitambaa nilichokipinda kwa siku mbili akakiona kinafaa kufungia ncha ya kamba. Vitu akanunua kwa mpagazi yeyote anayerudi. Na salamu akazitunga. Mama yu hai, anakusalimu sana. Alimtunga mama yangu kama alivyotunga lile gogo.

Nilimfunga Halima mgongoni, nikachukua ile kamba, nikaenda kwa Bi Mgeni. Nililia njia nzima, bila sauti, ili mtoto asijue.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Una nini?"

Nikamwekea kamba mikononi, nikamweleza. Alinisikiliza huku vidole vyake vinatembea juu ya ile kamba, mbele, nyuma, mbele. Nilipomaliza hakunipa pole.

"Nani aliyekwambia hii ni kamba?"

"Si inafunga sanduku?"

"Hata leso hufunga mzigo. Huu ni ukili, Asia. Wewe mtoto wa Saadani hujui ukili?" Akaunyoosha mapajani. "Ndio wanawake wanausuka, pima kwa pima, kisha wanauunganisha kwa sindano unakuwa mkeka. Wanaume wa huku wanaona mizigo ya pwani imefungwa kwa ukili mkuukuu, wanadhani kila ukili ni kamba. Huu si mkuukuu. Huu ni ukindu mzuri, umetiwa rangi. Unaona rangi gani?"

"Nyeusi na nyekundu."

"Haya. Nao ni mwembamba, vidole viwili tu. Mkeka wa mtu mzima hauanzwi hivi, hutaumaliza mpaka ufe. Huu ni mwanzo wa mkeka wa mtoto."

Moyo wangu ulipiga mara moja, ukatulia, kama mtu aliyesikia hodi asiye na hakika.

"Lete kidole chako." Akakishika, akakipitisha juu ya mkeka alioukalia. "Mistari inapanda kuelekea wapi?"

"Kulia."

Akakipitisha juu ya ukili. "Na hapa?"

Niliinama. Nilitazama mara mbili. "Kushoto."

"Aliyesuka huu ni mashoto. Mkono wake wa kazi ni wa kushoto, na kazi yake yote inainama upande wa pili." Akafika kwenye ncha ya lubugo, akakaa hapo. "Na hapa hajamaliza. Chane, hivi vipande vya jani, ameziacha wazi. Mtu hauachi ukili hivi labda amekufa, au anataka mwingine auendeleze. Na hiki kitambaa chako hakikufungwa juu juu, binti. Kimesukiwa ndani, mizunguko mitatu, na mizunguko hiyo imeinama upande ule ule. Mumeo anajua kusuka?"

"Hata kufunga kilemba anasaidiwa."

"Basi hiki kitambaa kilifika kwenye mikono ya mwanamke wa pwani, mashoto, ambaye alijua una mimba. Mama yako, Asia, nazi alikuwa anakuna kwa mkono gani?"

Kama mtu aliye ndani ya kioo. Nilikaa chini palepale mlangoni. Nililia tena, safari hii kwa sauti, Halima naye akaamka akalia kwa kunifuata, na Bi Mgeni akatuacha tulie mpaka tukachoka.

"Sasa nyamaza," akasema. "Barua imefika, hilo halina shaka. Mumeo kafika wapi, hilo kamwulize yeye."

Abdulghani alirudi kesho yake adhuhuri na mitungi miwili ya samli. Alinikuta uani. Sanduku lilikuwa mbele yangu, limefungwa kwa kamba ya mgomba, na pembeni pangu bakuli la maji ambamo niliulaza ukili ulainike. Alisimama.

"Kamba ya sanduku iko wapi?"

"Hiyo hapo."

"Umeiloweka? Itaoza!"

"Haiozi. Kaa chini, Abdulghani, ufungue mguu."

Sikuwahi kumwita kwa jina lake. Aliweka mitungi chini moja moja. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kufungua kitambaa, na kadiri kilivyofunguka kichwa chake kiliinama.

Vidole viwili havikuwepo. Kidole kidogo na jirani yake. Mahali pake pamepona vibaya, ngozi imekunjamana, nyekundu.

"Funza," akasema.

Kila mtu siku zile alijua funza. Miaka michache tu nyuma hatukuwa nao. Walikuja na misafara, mdudu mdogo kuliko punje ya ulezi, anaingia chini ya ukucha, anataga, na mtu mzima mwenye nguvu zake anatembelea magoti.

"Tulipofika Tabora sikuweza tena kukanyaga. Saleh alinisubiri siku sita. Kisha akaniambia, ama ubaki upone, ama tukuzike njiani. Nikampa barua yako, akashuka. Mimi nilikaa Tabora miezi minane, mwanamke mmoja ananichokoa funza kwa sindano asubuhi na jioni."

"Mashavu yake laini?"

Akainua uso, hakuelewa. "Nani? Ni ajuza, hana hata jino."

Nilijibana nisicheke. Haukuwa wakati wake.

"Na gogo?"

"Ni la Saleh. Yeye ndiye aliyekaa juu yake, mama yako akamletea kahawa. Alikaa siku moja. Huo mwezi niliuongeza mimi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Akanipitia Tabora, akanipa furushi la vitu hivi, limefungwa kwa kamba hiyo, akasema hivi vyote ametoa mama yake Asia kwa mkono wake. Njia nzima akanisimulia. Vitu ni vya kweli. Salamu ni za kweli, mama yako alilia kweli, Saleh alimwona. Mimi tu ndiye sikuwepo. Na kamba sikuiuliza. Nani anauliza kamba?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba yangu alisimulia bahari mpaka siku ya kufa kwake. Nilipoondoka hapa watu walinisindikiza kwa dua. Nirudi niseme mtoto wa mtu wa pwani ameshindwa na mdudu? Nikasema kidogo, watu wakauliza, nikaongeza. Kisha wewe ukasema unakwenda. Nikajua utafika, mama yako atatoka mlangoni, atanitazama, atauliza, na huyu ni nani?"

"Kwa hiyo ulitaka mama yangu afe hajamwona mjukuu wake, mradi wewe usiulizwe?"

Nilikuwa na hasira, tena hasira ya haki. Siku nane nilikuwa nimemzika mama yangu na kumfufua, nimemwoza mume wangu kwa wanawake nisiowajua. Lakini pia nilikuwa nautazama ule mguu, jinsi ulivyotoka Tabora mpaka Ndama na vidole vitatu, umelibeba furushi langu. Nikamsogezea mtoto. Akampokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa kitu asichostahili, na kweli hakustahili, ila Halima alimfurahia vilevile.

"Kuna mikindu kule bondeni kando ya mto," nikamwambia. "Nenda ukaniletee ukindu. Majani machanga, yale ya katikati."

Alikwenda bila kula. Alirudi na mzigo wa matete.

"Mawe, mama yangu!" alipiga kelele Kokubanza kwa lugha ya huku kutoka shambani kwake. "Waitu, ndugu yangu, hayo unamletea mkeo asuke au unamletea ng'ombe ale?"

Akarudi tena bondeni. Safari ya pili alileta ukindu.

Alasiri ile watu wakaja kama kawaida. Nikiwa nyuma ya ukuta wangu wa matete nilisikia sanduku linafunguliwa. Kiti cha pweza kikatoka, kombe likatoka, chupa ikatoka. Halafu nikachungulia.

"Hivi vyote aliviokota mama mkwe wangu, akavileta Saleh," Abdulghani alikuwa anasema. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Mimi niliishia Tabora. Nilichokiokota mwenyewe safarini ni hiki." Akaunyoosha mguu wazi katikati ya baraza.

Mzee mmoja akakohoa.

"Basi," akasema Kokubanza, "pweza wako wewe amekalia kiti cha miguu mitatu."

Baraza likavunjika kwa kicheko, na katikati yake nikakisikia cha mume wangu, kimepasuka, lakini chake.

Zilibaki siku kumi na mbili kufika Idi. Kila asubuhi nilikwenda kwa Bi Mgeni na bakuli langu. Vidole vyangu vilikuwa vizito, mara kwa mara alinifumulia. "Tena," anasema. "Mama yako hakukuletea huu uuharibu." Nikarudia. Nikachukua chane za mama zilizoachwa wazi, nikaziunga na ukindu wa bonde letu, ambao ulikuwa mkavu kidogo na rangi yake si ileile. Lubugo nikaliacha lilipo, ndani. Upande wa mama mistari inainama kushoto. Inafika kwenye kitambaa. Kisha inageuka, inaelekea kulia, ovyo ovyo mwanzoni, halafu inanyooka. Mtu yeyote akipitisha kidole atajua alipoishia mmoja na alipoanzia mwingine.

Siku ya tatu baada ya Idi Saleh alikuwa amesharudi kutoka ng'ambo ya mto, mizigo ya ngozi imepangwa, na mimi nafunga unga, chumvi, na nguo za mtoto. Ukili niliuvingirisha juu kabisa, usikunjike. Abdulghani alikuwa anashona kiatu cha ngozi alichojitengenezea, kipana mbele, kilichofungwa kila upande mdudu asipate pa kuingilia. Anakwenda nasi. Nilimwambia mama akiuliza huyu ni nani, nitamjibu mimi.

"Mama Halima," akaniita, sindano mkononi. "Yale maji. Yanaondoka kweli?"

"Yanaondoka."

"Yanakwenda wapi?"

Nilifikiri. Nilikuwa na miaka sita, nilikuwa nakimbia, sikugeuka nyuma kuyatazama.

"Sijui," nikasema. "Tutamwuliza mama."

Sanduku tulimwachia Kokubanza, pamoja na kiti cha pweza, baada ya kutuapia kwamba hatamkalisha kuku juu yake.